Kiti Cheusi cha Uskoti na Benchi Letu la Mangobo

Uvumilivu wangu uliisha siku ya Jumapili, katikati ya kanisa, mtoto mgongoni.

Ilikuwa Jumapili ya kubariki watoto. Kwetu Mangobo, hapa Kisangani, pasta anawaita wamama wenye watoto wachanga waje mbele. Anampokea kila mtoto, anamwinua juu, anataja jina lake kwa sauti, na kanisa lote linalirudia. Baada ya hapo mtoto ni wa kila mtu. Akianguka barabarani, mama yeyote anayepita atamwokota akimwita kwa jina lake.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma. Wasomaji wa makanisa mengine huenda hawalijui, kwa hiyo naeleza. Ni benchi lisilo na mgongo, karibu na mlango, la kukalia watu walio chini ya disipline, adhabu ya kanisa. Nasema watu, lakini tangu nizaliwe sijaona pale isipokuwa wasichana waliozaa kabla ya ndoa. Unakaa mpaka wazee waridhike. Kwaya hauimbi, meza ya Bwana haukaribii, na mtoto wako haitwi mbele. Nilikuwa pale tangu tumbo langu lilipoanza kuonekana. Jérémie, baba wa mtoto, alikuwa mbele, kwenye kwaya, anaimba besi. Yeye hakuota tumbo.

Pasta alipoita, nikasimama na kuanza kutembea. Papa Lokwa, mzee wa kanisa, akanikinga njia kwa mikono miwili kama anayefukuza kuku.

"Weye, rudia ku banc."

"Papa, banaita batoto. Huyu haiko mutoto?"

"Mutoto iko mutoto. Mama yake njo iko na disipline."

"Na baba yake? Ule pale, na kitabu ya nyimbo mukononi. Disipline yake iko wapi?"

Upande wa wamama mtu akacheka. Papa Lokwa akashusha sauti. "Ye hatukumuona na mimba."

Hapo ndipo uvumilivu ulipoisha. Nikasema, na sikusema kwa kunong'ona: "Bon! Basi mungoje siku atazaa, njo mumutie ku banc!"

Nikatoka kwa mlango ule ule wa karibu na benchi. Jioni shemasi akaja nyumbani kuniambia kwamba kwa sababu ya matusi yale disipline yangu imerefushwa. Na mtoto wangu, Merveille, asubiri.

Wiki hiyo hiyo mama mudogo Rehema akapiga simu kutoka Uskoti, ile nchi ambayo shuleni tulifundishwa kuiita Écosse. Ni mdogo wa mama yangu. Aliolewa kule na mchungaji wa kondoo, wa kondoo kweli, wenye manyoya. Alikuwa karibu kuzaa mtoto wake wa kwanza, na kwa umri wake madaktari walikuwa wakimtazama kwa jicho la wasiwasi. Tena ulikuwa msimu wa kondoo kuzaa, mume haonekani nyumbani.

"Sifa, kuya," akasema. "Huku sina mutu wa kunikanda na maji ya moto. Hawa batanipa kidonge na kikombe ya chai. Ticket tutalipa. Kuya na mutoto."

Mama yangu akasema, "Enda. Na hasira yako ikapoe kule kwa baridi."

Nilikwenda. Kuhusu kupoa, mtaona.

Bangboka, asubuhi ya kuondoka. Tulifika uwanja wa ndege kwa moto mbili, yaani pikipiki: mimi na Merveille kwenye ya kwanza, mama na mizigo kwenye ya pili. Mama alikuwa ameniwekea kisamvu kilichokaushwa, ambacho sisi tunakiita pondu, samaki wa chumvi aitwaye makayabu, na mfuko wa mbinzo, viwavi wetu wa kuliwa, maana Rehema alipokuwa msichana alikuwa akiiba mbinzo kwenye sufuria kabla hazijaiva. Mama hakulia. Alikaza tu kikwembe kilichomshika mtoto mgongoni kwangu, akakifungua, akakikaza tena.

Kinshasa tulikaa kwa binamu tukisubiri viza. Siku ya kuchukuliwa alama za vidole, Merveille aliamua kupiga kelele za nyumba inayoungua. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alimchukua bila kuniuliza, akampa funguo zake achezee, akasema, "Tia vidole, mwanangu, niko naye." Sikumwuliza jina. Kama anasoma haya, namshukuru.

Bruseli, kwenye meza ya forodha, kijana aliyevaa glavu alifungua mfuko wa mbinzo. Akazitazama mbinzo. Akamtazama Merveille, ambaye alimcheka kwa meno yake mawili. Akaufunga mfuko taratibu, akanionyesha njia. Na huyo namshukuru.

Edinburgh, mchana. Tonton Sandy, mume wa Rehema, alikuwa ameandika jina langu kwenye kipande cha gunia la chakula cha kondoo. Ni mtu mrefu, mwekundu shingoni, maneno machache. Alitufunika na blanketi, akatufungulia mlango wa nyuma. Nilidhani ni heshima. Kumbe kiti cha mbele kilikuwa na mtu: mwana-kondoo ndani ya kartoni, mama yake amekufa asubuhi, hana wa kumnyonyesha. Tukaenda hivyo masaa mengi, Merveille na mwana-kondoo wakijibizana.

Barabara ile inapita katikati ya vilima visivyo na mti. Nilitafuta msitu, sikuuona. Kuta za mawe zinapanda mlima na kushuka upande wa pili, mawe juu ya mawe bila udongo wala simenti, na hazianguki. Jua nalo linakawia kuzama kama mgeni asiyejua kuaga.

Nyumba iko chini ya kilima, ya mawe pia. Rehema alikuwa mlangoni, tumbo mbele, amevaa koti la mumewe juu ya kikwembe.

"Leta huyo mutoto!" akapiga kelele. "Leta aone baridi yenye nilikuwa nabaambia, munasema Rehema iko anajidai!"

Kisha akanusa mzigo wangu, akaanza kulia. "Mbinzo," akasema. "Dada yangu amenitumia mbinzo."

Siku ya tatu akaja jirani, Morag. Ni mama aliyekwisha kuzika mume, anavaa viatu vya mpira mpaka magotini, na ndiye anayeshika ufunguo wa kanisa la zamani. Kule, wanaposema parokia, hawasemi kanisa tu. Ni eneo lote, vilima, mashamba, mto, wazima na wafu. Morag alisema siwezi kulala parokia yao na kuondoka bila kuonyeshwa. Rehema naye alikuwa amechoka kukaa ndani. Tukapanda gari la Morag, Rehema akitafsiri na kuongeza yake.

Kwanza ni daraja. Limejengwa kwa mawe, limevimba katikati kama mgongo wa paka mwenye hasira. Zamani, Morag alisema, kila mwenye shamba alitoa siku za kazi kulijenga, na wamama walibeba mawe madogo kwenye aproni zao. Majina ya wenye mashamba yamechongwa pale. "Na majina ya wamama?" nikauliza. Rehema akatafsiri. Morag akatikisa kichwa. Nikasema, "Ah. Donc ni kama kwetu." Hiyo haikuhitaji kutafsiriwa.

Pili ni jiwe lililosimama peke yake katikati ya shamba, refu kuliko tonton Sandy. Hakuna anayejua nani alilisimamisha. Mwenye shamba analizunguka na trekta kila mwaka, baba yake alilizunguka na farasi. Nilipenda hilo. Hawalielewi, lakini wanaliachia nafasi.

Tatu ni kisima, na hapo nilifanya kosa. Ni chemchemi ndogo chini ya mti mfupi, na kwenye matawi vimetundikwa vitambaa vingi: soksi za mtoto, leso, kipande cha shati. Kimoja kilikuwa kimeanguka matopeni. Mimi nimelelewa ukingoni mwa mto. Nguo ya mtu ikianguka unaiokota, unaisuuza, unaianika tena, hata kama mwenyewe humjui. Nikakiokota, nikakifikicha vizuri kwenye maji, nikakikamua.

"Tupa!" Rehema akapiga kelele, ameshika tumbo. "Sifa, tupa! Haiko nguo, iko ugonjwa ya mutu!"

Kumbe mgonjwa anachovya kitambaa kisimani, anajipangusa panapouma, anakitundika mtini. Kitambaa kikioza, ugonjwa unakwisha. Na mimi nimekifua.

"Sasa ule mutu itakuwa je?" nikauliza.

Rehema akamwuliza Morag. Morag alicheka mpaka akashika gari. "Anasema kitambaa kile ni chake. Ni ya goti yake. Anasema tangu ukamue, anasikia nafuu."

Nne ni makaburi. Juu ya kaburi moja kuna kizimba kizito cha chuma, kama cha kufungia mnyama. Nikadhani mfu alikuwa mwovu. Hapana. Zamani watu walikuwa wakifukua maiti mbichi na kuwauzia madaktari wa mjini wajifunzie kupasua. Kwa hiyo familia iliazima kizimba kutoka kwa parokia, ikakiweka juu ya kaburi mpaka mwili uharibike, kisha kikaazimwa na wafiwa wengine. Ukutani kuna hata kibanda cha walinzi.

Nikamwambia Rehema, "Na hawa njo banasemaka sisi batu ya giza."

"Hiyo sitafsiri," akasema Rehema. Lakini alitafsiri, namjua. Morag alisema, "Mwambie ana haki."

Mwisho tukaingia kanisani. Ni jengo dogo, baridi kuliko nje, linanuka nta na panya. Nje ukutani kuna kola ya chuma yenye mnyororo, ambayo zamani walimfunga nayo shingoni mwizi au mtukanaji, waumini wakiingia wamwone. Ndani, chini ya mimbari, kuna kiti. Cheusi, miguu mitatu, kidogo kama kile kigoda anachokalia mama akikata pondu. Kimezungushiwa kamba, na pembeni kuna karatasi ya maelezo.

"Hii ni nini?"

Morag akaeleza. Badala ya kutafsiri, Rehema akanitazama mimi.

"Sema."

"Anasema ni kiti ya toba. Mutu akizaa inje ya ndoa, alikuwa anakaa hapa Jumapili na Jumapili, mbele ya kanisa muzima, pasta anamugombeza, mupaka wazee baseme inatosha."

Nilisafiri nchi ngapi, angani na ardhini, kumbe benchi limenitangulia.

Nikamwuliza Rehema kama ameambia watu mambo yangu. Akaapa kwa mtoto aliye tumboni. Basi nikamwambia amweleze Morag kila kitu: benchi, Papa Lokwa, mikono ya kufukuza kuku, Jérémie na besi yake. Alieleza kwa muda mrefu, mikono ikienda huku na huku. Morag alisikiliza, midomo imebana. Kisha akauliza swali moja tu.

"Anauliza, ule mwanaume, ye aliketi wapi?"

"Mwambie ku chorale!"

Morag akaonyesha kiti kwa kidole, akaongea kwa ukali ambao sikuutegemea.

"Anasema, hapa hata mwanaume aliketi. Wazee walikuwa wanamutafuta, wanamuita jina. Akikimbia, wanaandikia parokia yenye amekimbilia. Anasema hawa wazee walikuwa wabaya sana, wakali, hawakuwa na huruma hata kidogo. Lakini mwanaume aliketi."

Nilicheka. Kicheko kibaya, kilirudi kutoka darini. Wazungu wa kale, wenye kola za chuma na wezi wa maiti, hata hao walijua kwamba mtoto anatengenezwa na watu wawili!

Nikauliza kama ni wao waliotuletea jambo hili. Morag alisema hajui, wala hatanidanganya. Wamisionari walitoka vijiji kama hiki na masanduku yao, na hakuna aliyeandika vyote vilivyokuwa ndani. Anachojua ni kwamba hapa waliacha kabla bibi wa bibi yake hajazaliwa. Wengine walitaka kiti kichomwe. Parokia ikaamua kibaki kwenye kamba, watoto wa shule waletwe, waulizwe: je, mngependa kukaa hapa? "Siku hizi kazi yake ni hiyo," alisema. "Kututia aibu sisi, badala ya sisi kuwatia wengine."

Kisha akamchukua Merveille mikononi na kusema jambo ambalo Rehema alilitafsiri polepole. Pasta wao ni mwanamke. Jumapili ijayo, nikitaka, atambariki mtoto hapa hapa, mbele ya kiti hiki, na parokia itataja jina lake.

Sitawaficha, nilitamani. Akilini nilimwona Merveille amefika mbele, hakuna wa kumkinga njia. Wale watu walikuwa wametupokea kama damu yao: kila asubuhi nilikuta mlangoni supu, soksi za sufu, mara moja hata kitanda cha mtoto. Lakini nilifikiri: atakapoanguka barabarani Mangobo, nani wa Uskoti atamwokota?

"Mwambie asante," nikasema. "Mwambie asante kutoka moyoni. Lakini hapana. Jina la mutoto balirudie bale batakaa naye."

Morag alinirudishia mtoto. Hakukasirika. Alitoa kamba, akasogea kando, akaniacha nipige kiti picha kwa simu.

Rehema alijifungua wiki iliyofuata, mchana, mvua ikinyesha upande upande. Mtoto wa kiume, mzima, jina Lewis Mokili. Tuliporudi kutoka hospitali nilichemsha maji, nikamkanda kama mama yangu alivyonikanda, taulo kwa taulo, naye akalia na kunitukana kwa Kiswahili na Kilingala, ndipo nikajua anapona. Mkunga alipokuja kumwona alisimama mlangoni akitazama, halafu akavua koti, akaomba nimwonyeshe ninavyoweka mikono. Tonton Sandy aliingia na matope yake, akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akasema neno moja la Kiswahili alilofundishwa: "Akisanti." Nilikula mbinzo pamoja nao jioni hiyo. Yeye alikula moja, macho amefumba.

Nyumbani. Nilirudi Bangboka na soksi za sufu ambazo hapa hazina kazi, na Merveille anayejua kulia kama mwana-kondoo. Mama alinisubiri pale pale aliponiachia. "Imepoa?" akauliza, akimaanisha hasira.

"Haikupoa, mama. Imepata adabu."

Nilijifunza nini? Kwamba nchi ya baridi ina watu wa moto, na nitawashukuru mpaka nife. Kwamba jambo ambalo wazee wetu wanasema halibadiliki, kwingine limeshabadilika, liko nyuma ya kamba. Na kwamba kupiga kelele kanisani kunampa mzee nafasi ya kuzungumzia kelele. Kwa hiyo safari hii niliandika barua. Nikampelekea katibu wa baraza la wazee mkononi mwake, mchana kweupe, mama yangu pembeni. Alisoma, akanitazama, akasoma tena, akapiga muhuri wa kupokea. Nakala hii hapa.

Kwa Baraza la Wazee wa Kanisa, Mangobo, Kisangani.

Kuhusu: malalamiko juu ya benchi la nyuma.

Wazee wangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Sifa, mama yake Merveille. Naomba radhi kwa sauti niliyoitumia Jumapili ile. Kwa maneno yenyewe siombi radhi.

Nalalamika kwamba baraza linamwadhibu mama na kumwachia baba aimbe. Ninyi mnamjua, yeye mwenyewe hakatai. Kama kosa ni la wawili, mwiteni naye akae, benchi lina nafasi. Kama mnaona aibu kumwita, basi mnajua tayari kwamba benchi si zuri.

Nalalamika zaidi kwamba mnamwadhibu mtoto, ambaye hajui hata kuketi kwenye benchi bila kushikwa.

Naambatanisha picha ya kiti cha kanisa moja la Uskoti. Kazi yake ilikuwa ile ile ya benchi letu. Sasa hakuna anayekikalia, na watoto wanaonyeshwa wajue watu wa zamani walivyokosea. Naomba benchi letu litolewe mlangoni, liwekwe kwenye chumba cha shule ya Jumapili, liandikwe lilikuwa la nini. Na sisi tuwe na kitu cha zamani cha kuwaonyesha wageni.

Jumapili ijayo ya kubariki watoto nitakuja. Sitapiga kelele. Nitapita katikati na mtoto mikononi, na Papa Lokwa, ninayemheshimu, akitaka kunikinga njia, namwomba anyooshe mikono ile ile miwili, lakini ampokee.

Anaitwa Merveille. Ninyi nyote mtalirudia.